Wilhelm Maybach: Yatima Aliyelipoza Gari la Mbio

Ukipeleka gari gereji yoyote ya mtaani na kusema linachemsha, kuna ushauri utapewa hata kabla boneti halijafunguliwa: toa thamostati, tupa. Utaambiwa kile kidude kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwetu huku hakina kazi. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba hata sisi wanafunzi wa uhandisi tunaurudia kana kwamba tumeusoma darasani.

Muhula uliopita mhadhiri wetu mmoja aliingiza karakana gari lake la spoti, la milango miwili, la zamani lakini limetunzwa vizuri. Tatizo lake lilikuwa la ajabu kidogo. Kwenye barabara tambarare mshale wa joto ulilala chini kabisa, kama gari limewashwa sasa hivi. Akianza kupanda mlima, mshale nao unapanda, na kabla hajafika juu mvuke unatoka. Alishabadilisha rejeta. Alishabadilisha pampu ya maji. Alishabadilisha feni. Hela imekwenda, ugonjwa umebaki palepale. Fundi wa mwisho alimshauri ashushe injini nzima, na mzee alikuwa ameanza kufikiria kuliuza gari kwa bei ya chuma chakavu.

Tulipofungua nyumba ya thamostati tukakuta ndani ni tupu. Nitarudi kwenye hilo gari. Kwanza nataka tumjue mtu ambaye tatizo hili la joto la injini lilikuwa sehemu kubwa ya maisha yake. Jina lake wengi tunalijua kutoka kwenye video za muziki, likiwa limeandikwa nyuma ya gari refu jeusi ambalo hakuna kati yetu atakayelinunua kwa bumu. Lakini kabla ya kuwa jina la gari, Maybach alikuwa mtoto yatima.

Mtoto aliyetangazwa gazetini

Wilhelm Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 huko Löwenstein, mji mdogo karibu na Heilbronn, kusini-magharibi mwa nchi tunayoiita leo Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Familia ikahamia Stuttgart kutafuta maisha. Wilhelm alipokuwa na miaka 8 mama yake akafariki. Alipofika miaka 10, baba naye akaondoka. Ndugu wa ukoo hawakuwa na uwezo, wakaweka tangazo kwenye gazeti la mjini wakiomba wasamaria wema wawapokee watoto. Yaani jina la familia hii lilichapishwa gazetini kwa sababu ya watoto waliokosa pa kulala.

Aliyempokea Wilhelm alikuwa Gustav Werner, mhubiri aliyeanzisha kituo kilichoitwa Bruderhaus katika mji wa Reutlingen. Kituo hicho kililea yatima na maskini, lakini hakikuwa mahali pa kugawa uji tu. Kilikuwa na karakana na mashine, na kila mtoto alitakiwa kutoka na kazi mkononi. Werner aliona mapema kwamba huyu kijana mkimya anapenda kuchora, na anapochora mashine anajua kila kipande kinakwenda wapi. Akampeleka kwenye karakana ya uhandisi. Akiwa na miaka 15, Wilhelm alikuwa anafanya kazi mchana na kuhudhuria masomo ya ziada ya fizikia na hisabati katika shule ya mji. Alipofika miaka 19 alikuwa tayari msanifu kamili wa mashine.

Chuo kikuu hakusoma. Hili tulishike, litatokea tena mwishoni.

Wakati huohuo karakana ya Reutlingen ilikuwa na msimamizi mpya aitwaye Gottlieb Daimler, mhandisi aliyemzidi Maybach karibu miaka 12. Daimler alikuwa mtu wa mipango mikubwa na hasira za karibu. Maybach alikuwa mtu wa karatasi na penseli. Walikutana mwaka 1865, na urafiki wao ulidumu mpaka mmoja alipoingia kaburini. Daimler alipohamia Karlsruhe, Maybach alimfuata mwaka 1869. Daimler alipochukuliwa mwaka 1872 na kiwanda cha injini za gesi cha Deutz, karibu na Köln, Maybach akafuata tena na kuwa mkuu wa usanifu. Mwenye wazo la injini ya mapigo manne pale Deutz alikuwa Nikolaus Otto, mwaka 1876, lakini Maybach ndiye aliyelichukua wazo hilo na kulichora upya mpaka likawa injini inayoweza kutengenezwa kiwandani na kuuzwa. Mwaka huohuo alitumwa Marekani kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Mwaka 1878 akamuoa Bertha Habermaas, na mwaka uliofuata wakampata mwana wao Karl.

Moto ndani ya banda la maua

Injini za Deutz zilikuwa kubwa na nzito, za kusimama sehemu moja. Daimler alitaka injini ndogo inayokimbia kwa kasi, itakayoweza kubebwa na chombo chochote: gari, mashua, hata baiskeli. Akagombana na wakubwa wa Deutz, akaondoka mwaka 1882, akanunua nyumba Cannstatt, jirani na Stuttgart. Maybach akaacha mshahara wa uhakika akamfuata kwa mara ya tatu. Karakana yao ilikuwa banda la kuoteshea maua kwenye bustani ya Daimler. Walifanya kazi kwa siri kubwa, usiku na mchana, hata mtunza bustani akaingiwa na wasiwasi kwamba mabwana hawa wanatengeneza pesa bandia. Inasimuliwa kwamba polisi waliingia humo kwa ufunguo wa mtunza bustani, wakakuta vyuma vya injini tu.

Injini yao ya 1885 iliwekwa kwenye chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho leo wengi wanakihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Kiwashio chake kilikuwa mrija wa chuma uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu, na mrija huo ulikaa chini ya kiti. Husimuliwa kwamba katika safari ya majaribio kiti kilishika moto. Unaweza kucheka, lakini hapo ndipo tatizo lilipokaa wazi. Ukiitaka injini ndogo yenye nguvu, unachoma mafuta mengi ndani ya nafasi finyu. Katika nishati yote iliyo kwenye petroli, sehemu ndogo tu inageuka kuwa mwendo. Nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki inaingia kwenye kuta za silinda. Hiyo iliyoingia ukutani usipoitoa, oili inapoteza ulaini wake, pistoni inavimba, injini inakwama.

Wakati huo magari yenye injini ya maji yalipoza kwa njia ya kijinga lakini inayofanya kazi: maji yanachemka, mvuke unapotea hewani, unaongeza maji mengine. Bertha Benz, mke wa Carl Benz, alipofunga safari yake maarufu kutoka Mannheim kwenda Pforzheim mwaka 1888, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, ilimbidi asimame mara kwa mara kutafuta maji. Kwa mtu anayesafiri kwa mwendo wa farasi hilo halina shida. Kwa gari la mbio ni kifo, maana kila lita ya maji ni kilo moja ya uzito, na kila kusimama ni nafasi uliyopoteza.

Maybach alianza kushughulika. Kwenye gari lake la magurudumu ya chuma la mwaka 1889, lililoonyeshwa Paris, aliyapitisha maji ya kupoza ndani ya mabomba ya fremu yenyewe. Chasisi ikawa rejeta. Lilikuwa wazo zuri, kwa sababu hakuongeza uzito wowote. Alikipa kazi ya pili kitu ambacho tayari kilikuwepo. Lakini lilitosha kwa injini dogo tu. Injini ilipokua, fremu haikuweza tena.

Hotelini Cannstatt

Mwaka 1890 kampuni ikaundwa kwa fedha za watu wengine, na wenye hela hawakuona sababu ya kumpa Maybach nafasi aliyostahili. Akajitoa mwaka 1891. Sasa hapa ndipo unamuona Daimler alivyokuwa rafiki: kwa hela yake mwenyewe alimpangia Maybach sehemu ya hoteli iliyofungwa, Hotel Hermann, iwe karakana. Humo, kuanzia 1892 mpaka 1895, kwa vijana wachache wa kazi, Maybach alifanya baadhi ya kazi bora za maisha yake. Mojawapo ni kabureta ya kunyunyiza mafuta, ambayo ukoo wake uliendelea kutumika kwenye magari kwa karibu karne nzima. Kampuni iliyobaki bila yeye ikayumba, na mwaka 1895 ikamrudisha pamoja na Daimler. Safari hii akawa mkurugenzi wa ufundi.

Mwaka 1897 alitoa rejeta ya mirija: mirija mingi midogo inayopitisha hewa, maji yakizunguka nje yake, na feni nyuma ya kuivuta hewa. Tazama alivyobadilisha swali. Wenzake walikuwa wanauliza gari libebe maji kiasi gani. Yeye alikuwa anauliza maji yaguse chuma kiasi gani, na chuma kiguse hewa kiasi gani.

Mlima wa La Turbie

Kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa kulikuwa na tajiri mmoja aitwaye Emil Jellinek, mfanyabiashara mwenye kiu ya kasi, aliyenunua magari ya Daimler na kuwauzia matajiri wenzake. Kila mwezi Machi mjini Nice kulikuwa na wiki ya mashindano, na kipande chake kimoja kilikuwa kupanda mlima kutoka Nice mpaka La Turbie. Tarehe 30 Machi 1900, dereva Wilhelm Bauer alipata ajali mbaya kwenye mlima huo akiwa na gari la Daimler, akafa. Gari lilikuwa zito, fupi, na limenyanyuka juu mno kwa nguvu lililopewa. Wiki chache kabla, tarehe 6 Machi, Gottlieb Daimler alikuwa amefariki. Maybach akabaki peke yake na kampuni iliyokuwa inafikiria kuachana kabisa na mashindano.

Jellinek alifikiri kinyume. Alisema tatizo si mbio, tatizo ni gari. Aprili 1900 akaagiza magari 36 kwa mkupuo, kwa marki za dhahabu 550,000, kwa sharti kwamba litengenezwe gari jipya: refu zaidi, pana zaidi, la chini, jepesi, lenye nguvu kuliko yote. Na libebe jina la binti yake, Mercédès. Kazi ya kulichora ikaangukia meza ya Maybach, aliyekuwa na miaka 54.

Sasa jiweke kwenye kiti chake. Umeambiwa uweke injini ya karibu lita 6 na nguvu za farasi 35, ambayo joto lake halijawahi kuonekana kwenye gari la barabarani, halafu umeambiwa gari liwe jepesi. Ukibeba tangi kubwa la maji, umekosa. Ukipunguza maji, injini inachemsha mlimani, palepale alipokufa mtu.

Jibu lake lilikuwa rejeta ya sega la asali, aliyoiombea hataza Septemba 1900. Ilikuwa na mirija midogo ya mraba 8,070, kila mmoja una upana wa milimita 6 kwa 6, imepangwa pamoja kama sega. Hewa inapita ndani ya mirija, maji yanapita kwenye nyufa nyembamba kati ya mrija na mrija. Chukua kalamu: mzunguko wa mrija mmoja ni milimita 24. Zidisha kwa 8,070. Kwa kila sentimita moja ya kina cha rejeta unapata karibu mita 2 za mraba za chuma kinachoguswa na hewa, wakati uso wa mirija yote ukiutazama kwa mbele haufiki hata theluthi ya mita ya mraba. Kwa nyuma akaweka feni ya kusaidia gari likienda polepole. Gari zima likahitaji lita 9 tu za maji, ambayo ni karibu nusu ya yaliyohitajika kabla.

Gari la kwanza lilimfikia Jellinek Desemba 1900. Mwanzo haukuwa mzuri: kwenye mashindano ya Pau, Februari 1901, halikumaliza. Mafundi wakarudi mezani. Mwezi uliofuata, kwenye wiki ya Nice, dereva Wilhelm Werner alishinda mbio ndefu ya kilomita 392 kwa wastani wa kilomita 58 kwa saa. Halafu kwenye mlima wa La Turbie, ambao rekodi yake ilikuwa kilomita 31.3 kwa saa, Mercedes ilipanda kwa wastani wa kilomita 51.4. Mlima uleule, mwaka mmoja tu baadaye. Wafaransa waliokuwa wanajiona mabwana wa magari wakakiri kwamba zama mpya zimeanza, na mchoraji mkimya wa Cannstatt wakamtawaza kuwa mfalme wa wasanifu.

Watu wengi wanakumbuka kwamba gari lile ndilo lililoweka umbo la gari la kisasa: injini mbele, chasisi ya chini, uso wa rejeta ukitazama upepo. Kwangu mimi la kukumbuka zaidi ni kwamba uso wa gari, ile sura tunayoitambua kwa mbali, ulizaliwa kutokana na tatizo la kuchemsha.

Tukirudi karakana

Rejeta ya Maybach ilimaliza nusu ya kazi: jinsi ya kutoa joto. Nusu ya pili ni jinsi ya kutolitoa lote. Injini ina joto lake inalolipenda, maji yakiwa kwenye nyuzi 80 na kitu au 90 na kitu. Chini ya hapo petroli haichanganyiki vizuri na hewa, maji yanayotokana na mwako yanabaki kwenye oili, silinda zinalika, mafuta yanakwenda bure. Kwenye gari lenye kompyuta, kompyuta inadhani injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta. Ndiyo maana baadaye pakawekwa mlango mdogo kati ya injini na rejeta. Thamostati tunayoijua leo, yenye nta ndani inayoyeyuka, kutanuka na kusukuma vali, ilikuja baada ya Maybach kufa, lakini inakamilisha hesabu yake.

Na hapa ndipo gari la mhadhiri lilipotufundisha. Kwenye injini nyingi thamostati ina kazi mbili. Injini ikiwa ya baridi, inafunga njia ya kwenda rejeta na kuacha njia ya mkato wazi, maji yanazunguka ndani ya injini tu. Ikipata moto, inafungua njia ya rejeta na kuziba ule mkato. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Barabara tambarare, injini haina kazi kubwa, maji machache yanayopita kwenye rejeta yanatosha kuipoza kupita kiasi, mshale unalala. Mlimani, joto linaongezeka, mwendo ni mdogo, na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini kwa njia ya mkato bila kuliona rejeta. Gari linachemsha. Kile kilichotolewa ili lisichemshe ndicho kilikuwa kinalichemsha.

Tuliweka thamostati mpya. Kabla ya kuifunga tuliichovya kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, tukaona inaanza kufunguka kwenye namba iliyogongwa kwenye bati lake, 82. Tukajaza kulanti, tukatoa hewa yote kwenye mabomba, mhadhiri akaenda kupanda mlima wake. Mshale ulifika katikati ukakaa. Bei ya kile kidude haikufika hata robo ya bei ya rejeta aliyokwishainunua.

Kwa mwenye gari, au atakayekuwa nalo siku moja, utaratibu ni huu, na wala si uchawi. Kwanza, usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mle ndani kuna mgandamizo unaoyazuia maji kuchemka hata yakizidi nyuzi 100, na ukiuachia ghafla yanakurukia usoni. Pili, angalia kiasi cha kulanti na kama kuna mahali panavuja. Tatu, soma tabia ya mshale. Ukilala chini safari nzima, thamostati imekwama wazi au haipo. Ukipanda dakika chache tu baada ya kuwasha, na injini ni ya moto huku rejeta yenyewe ni ya baridi, thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Ukipanda kwenye foleni lakini ukashuka ukikimbia, mtuhumiwa ni feni. Ukipanda ukikimbia lakini ukatulia kwenye foleni, shuku rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka. Ukirukaruka, kuna hewa kwenye mfumo, kulanti imepungua, au kipimo chenyewe kinadanganya. Na kama kulanti inapungua bila kuvuja popote, huku moshi mweupe wenye utamu utamu unatoka nyuma, hapo sasa ndipo uanze kuiogopa gasketi ya silinda hedi.

Magari ya spoti yana matatizo yake ya ziada. Pua zake ni za chini na finyu, hewa inaingia kwa shida. Yale yenye injini katikati au nyuma na rejeta mbele yana mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu, na hewa ikinaswa humo unaweza kubadilisha kila kitu bila kupona. Lakini swali ni lilelile la Maybach: maji yanafika wapi, yanagusa nini, na hewa inapita wapi. Fuata njia ya maji kwa mpangilio kabla hujafungua pochi.

Mwisho wa mzee

Baada ya ushindi wa Nice ungetegemea maisha yawe laini. Hayakuwa. Bila Daimler wa kumkingia kifua, Maybach akaanza kusukumwa pembeni polepole ndani ya kampuni aliyoitoa shimoni. Mwaka 1903 Camille Jenatzy alishinda kombe la Gordon Bennett huko Ireland kwa gari la Mercedes, lakini ofisini mchoraji wake alikuwa anapunguziwa madaraka. Mwaka 1907 akaondoka, safari hii moja kwa moja.

Alikuwa na miaka 61, umri ambao kwetu mtu anafikiria kiinua mgongo na shamba. Yeye alimwandikia Ferdinand von Zeppelin, mtengenezaji wa meli za anga, aliyekuwa anahitaji injini za kuaminika kuliko zile za magari. Mwaka 1909 wakaanzisha kampuni ya injini za anga, na uendeshaji wa kiufundi akapewa Karl, yule mtoto aliyezaliwa Deutz. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walipozuiwa kutengeneza injini za ndege, Karl akageukia magari ya kifahari, na kuanzia 1921 jina la Maybach likaanza kuonekana kwenye magari yenyewe. Hayo ndiyo mababu wa yale ya kwenye video.

Mwaka 1916 Chuo cha Ufundi cha Stuttgart kilimtunuku Wilhelm Maybach shahada ya heshima ya udaktari. Yule mtoto aliyetangazwa kwenye gazeti la mji huohuo miaka 60 iliyopita, ambaye hakuwahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara, akaitwa daktari mjini humo. Alifariki Stuttgart tarehe 29 Desemba 1929, akiwa na miaka 83, akazikwa Cannstatt, kwenye makaburi yaleyale alikolazwa Daimler.

Sisi tunaosoma tunapenda kufikiri kwamba cheti ndicho kinatutofautisha na fundi wa mtaani. Lakini pale karakana, watu wenye vyeti tulikuwa tumeshakubaliana na ushauri wa kutoa thamostati, mpaka mmoja wetu alipouliza maji yanapita wapi. Maybach aliuliza swali hilo tangu kwenye banda la maua. Gari la mhadhiri bado linakuja chuoni kila asubuhi. Ukiliona limeegeshwa, lipite kwa mbele uitazame rejeta yake. Ukiinama vizuri utaziona zile njia nyembamba za hewa.